Boti ikigonga chini Naivasha au Baringo: Namna ya kuikagua kabla ya kubeba abiria tena

BOTI inapogonga kisiki au mwamba ziwani, kisha ikanasuka na kurudi gatini ikielea, abiria hushukuru Mungu na nahodha hupangusa jasho. Wengi huona kwamba mambo yameishia hapo. Hata hivyo, kuelea kwa boti baada ya kugonga kunaonyesha tu kwamba maji hayajapata njia pana ya kuingia. Ufa mwembamba, mhimili wa ndani ulioachana na bodi, au chuma cha propela kilichopinda kidogo havionekani kwa mtu aliyesimama gatini. Aghalabu kasoro hizo hujitokeza siku nyingine, boti ikiwa katikati ya ziwa na abiria wanane ndani yake.

Makala haya yanaeleza hatua za kukagua boti iliyogonga chini, tangu dakika ile ya ajali hadi siku itakaporuhusiwa kubeba watu tena. Yanalenga hasa boti za faibaglasi zenye injini ya kufungwa nyuma, ambazo hutumiwa na watalii na wavuvi katika Ziwa Naivasha, Kaunti ya Nakuru, na katika Ziwa Baringo, kaskazini mwake. Wenye mashua za mbao nao watapata ya kuwafaa.

Maziwa yasiyopwa wala kujaa

Wenyeji wa mwambao wana neno maalumu la chombo kukwama: kupwelewa. Neno hilo linatokana na kupwa kwa maji ya bahari, yanapoondoka na kukiacha chombo juu ya mchanga. Nahodha wa Lamu au Mombasa aliyepwelewa ana faraja moja. Saa sita hivi baada ya maji kupwa kabisa, bahari itakuwa imejaa tena na pengine itamwinua bila yeye kutia mkono.

Maziwa ya Bonde la Ufa hayana faraja hiyo. Hakuna kupwa na kujaa kwa kila siku. Maji hupanda na kushuka kwa misimu na kwa miaka, na chombo kilichokwama leo asubuhi kitakuwa papo hapo jioni kisipotolewa.

Fauka ya hayo, chanzo cha boti kugonga katika maziwa haya ni tofauti na kile cha pwani. Mwaka 2009 Ziwa Naivasha lilikuwa limepungua mno kwa sababu ya ukame. Kuanzia mwaka 2010 maji ya maziwa ya Bonde la Ufa yalianza kupanda, na kufikia mwaka 2020 yalikuwa yamefunika mashamba, barabara, hoteli na makazi ya watu. Mtaa wa Kihoto mjini Naivasha ulifurika mwaka huo, na ukafurika tena mwaka 2025. Kule Baringo, hoteli na nyumba za Kampi ya Samaki zilimezwa na ziwa. Ripoti iliyotolewa mwaka 2021 na serikali pamoja na Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa, UNDP, ilitaja miongoni mwa sababu mvua nyingi katika vyanzo vya mito na uharibifu wa ardhi unaosukuma udongo ziwani.

Mtu angedhani kwamba maji yakiongezeka, boti hazitagonga chini. Hapa imekuwa kinyume. Maji yaliyopanda yalifunika nguzo za ua, seng'enge, misingi ya nyumba, kuta za mawe na migunga iliyokufa ikiwa wima. Shina la mgunga huoza pale maji yanapokutana na hewa, likavunjika na kuacha kisiki kisichoonekana. Maji yanapopungua tena, kisiki kilichokuwa mita moja na nusu chini ya uso wa ziwa huwa kimebaki shubiri moja. Kwa hivyo, njia aliyoizoea nahodha mwaka jana si lazima iwe salama mwaka huu.

Kila ziwa pia lina hila yake. Naivasha ina mafunjo na magugu maji yanayoelea na kuficha magogo. Baringo hupokea udongo mwingi kutoka mito kama Perkerra na Molo, na maji yake ya rangi ya kahawia humzuia nahodha kuona kilicho chini. Kando ya visiwa vyake, kikiwemo Ol Kokwe, kuna miamba ya asili ya volkano yenye kingo kali.

Dakika za mwanzo

Jambo la kwanza ni kuzima injini. Manahodha wengi, kwa haraka ya kunasuka, hurudisha gia nyuma na kuongeza mafuta. Kufanya hivyo kuna madhara matatu. Propela hukatwa na jiwe au kisiki. Pampu ya maji ya kupozea injini hufyonza matope. Na iwapo bodi imetoboka, boti huondolewa juu ya kitu ambacho huenda ndicho kilichoziba tundu.

Pili, hesabu abiria na uone kama yuko aliyeumia. Boti inaposimama ghafla, watu hurushwa mbele na kugonga vichwa au vifua kwenye viti. Hakikisha kila mmoja amevaa jaketi ya kuokoa maisha na kuifunga barabara.

Tatu, kabla ya kujaribu kunasuka, inua mbao za sakafu utazame ngama, yaani mahali pa chini kabisa ndani ya boti ambapo maji hukusanyika. Maji yakiwa yanaingia kwa kasi, kaa palepale ulipokwama na uombe msaada kwa simu, kwa wenzako gatini au kwa nambari za dharura 999 na 112. Chombo kilichokaa juu ya mwamba kina nafuu kuliko chombo kilichotoboka kinachoelea juu ya kina kirefu. Wakati wa kusubiri, tundu laweza kuzibwa kwa kitambaa kilichoviringwa au kabari ya mti, na maji yafuliwe kwa ndoo.

Nne, mtu asishuke majini kusukuma, hata kama maji yanaonekana kufika magotini tu. Viboko wa Naivasha hupenda maji ya kina kifupi karibu na ufuo, na Baringo ina viboko na mamba pia.

Ikiwa ngama ni kavu, inua injini ili propela itoke majini. Sogeza abiria, mmoja mmoja, kutoka upande uliokwama, kisha isukume boti kwa pondo au kasia kuelekea kule ilikotoka, kwa maana huko ndiko kunakojulikana kuwa na kina cha kutosha. Usikawie bila sababu. Upepo wa Naivasha huongezeka alasiri, na mawimbi yanayoipigiza boti juu ya kisiki yanaweza kuharibu zaidi kuliko pigo lenyewe la kwanza.

Iwapo boti nyingine ipo karibu, wahamishie abiria huko. Kama haipo, rudi polepole ukifuata ufuo, na mtu mmoja awe na kazi moja tu, kuitazama ngama.

Umegonga nini, na kwa kasi gani?

Ukaguzi mzuri huanza kwa maswali haya mawili, na majibu yaandikwe siku hiyo hiyo kabla ya kumbukumbu kufifia.

Matope laini huacha alama chache kwenye bodi, lakini huziba njia za maji ya kupozea injini. Kisiki hupiga mahali pamoja, na mara nyingi pigo lake kubwa huangukia injini, kwa sababu mguu wa injini ndio unaoteremka chini zaidi. Mwamba hukwaruza na kukata kwa urefu, hasa kwenye mkuku, yaani uti wa chini wa boti. Seng'enge na nyavu hujizungushia propela.

Kuhusu kasi, kanuni ya fizikia ni rahisi. Nguvu ya pigo huongezeka kwa mraba wa mwendo. Boti iliyokuwa ikienda kilomita 30 kwa saa hugonga kwa nishati mara tisa zaidi ya ile iliyokuwa ikienda kilomita 10. Iwapo abiria walirushwa kutoka vitini, ichukulie boti kuwa imeumia hata usipoona alama yoyote.

Ngama haifichi siri

Wahenga wa mwambao walisema kwamba kuenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Methali hiyo ina maana pana, lakini kwa mkaguzi wa boti ni maelekezo halisi. Maji yaingiayo kupitia omo, yaani mbele, na yaingiayo kupitia tezi, yaani nyuma, yote huishia ngamani.

Boti ikiwa bado majini kando ya gati, kausha ngama kabisa kwa sifongo. Tandaza karatasi kuukuu za gazeti juu ya sakafu ya ndani, kutoka omo hadi tezi. Subiri nusu saa. Karatasi itakayolowa kwanza itaonyesha upande yanakotokea maji. Iwapo zote ni kavu, iache boti usiku kucha na uzitazame tena alfajiri, kwa sababu ufa mwembamba huvuja kwa matone.

Boti nyingi za faibaglasi zina nafasi iliyofungwa kati ya sakafu na bodi ya chini, na nyingine zimejazwa povu gumu la kusaidia kuelea. Maji yakiingia humo hayaonekani ngamani. Dalili zake ni boti kukaa chini zaidi majini kuliko kawaida, kuinama upande mmoja bila mzigo, au sauti ya maji ikichezacheza chini ya miguu.

Jambo hili lina uzito, kwa maana faibaglasi yenyewe ni nzito kuliko maji. Wavuvi wa Kiilchamus wa Ziwa Baringo kwa miaka mingi wametumia vyelezo vya miti myepesi ya ambachi, na chelezo cha aina hiyo kikigonga jiwe huendelea kuelea kwa sababu mti wenyewe unaelea. Boti ya faibaglasi huelea kwa sababu ya hewa au povu lililomo. Maji yakichukua nafasi hiyo, hakuna kitu kingine cha kuishikilia.

Nje ya maji

Hakuna ukaguzi uliokamilika boti ikiwa majini. Ivute nchi kavu kwa tela au juu ya magogo ya kuviringisha, na ufungue mara moja kizibo cha kutolea maji kilichoko nyuma. Pima maji yatakayotoka kwa ndoo na uandike kiasi chake. Kagua pia kizibo chenyewe na tundu lake, kwa kuwa kiko chini na hugongwa kwa urahisi.

Osha matope na ukoka, kisha iache ikauke. Sehemu itakayobaki na unyevu au kudondosha matone wakati sehemu nyingine zimekauka ni ya kutiliwa shaka. Baada ya hapo fuata mkuku kwa macho na kwa vidole kutoka omo hadi tezi. Mwanga wa tochi ukielekezwa kwa ubavu, si wima, huonyesha mabonde na nyufa ambazo jua la mchana huzificha.

Mkwaruzo ulioishia kwenye rangi ngumu ya juu si jambo la kuogofya, ingawa unastahili kuzibwa. Ukiona nyuzi za kioo zimefichuka, maji yameshapata mlango. Nyufa zinazosambaa kama utando wa buibui ni ishara kwamba bodi ilipinda kupita kiasi, na lazima utazame upande wa ndani wa mahali hapo.

Kisha tumia masikio. Gonga bodi polepole kwa sarafu au mpini wa bisibisi, ukisogea sentimita chache kila mara. Faibaglasi nzima hutoa mlio mkali na mfupi. Ile ambayo matabaka yake yameachana, au iliyolowa ndani, hutoa mlio mzito na butu. Zungushia penseli kila mahali penye mlio huo. Linganisha daima upande wa kushoto na wa kulia, kwa sababu pande hizo mbili zilijengwa kufanana, na tofauti yoyote ina sababu yake. Bonyeza kwa kiganja pia. Mahali panaponepa kuliko mwenzake wa upande wa pili huenda pameachana na mataruma au mihimili ya ndani.

Usiishie mahali palipogongwa. Pigo husafiri na kutokea kwenye maungio. Kagua mahali ambapo sehemu ya juu ya boti imeunganishwa na bodi ya chini, mizizi ya viti, na pembe za ubao wa nyuma unaobeba injini.

Iwapo bado unashuku uvujaji usiouona, mimina maji kidogo ndani, kina cha sentimita mbili au tatu, na utazame yatakapodondokea nje. Usijaze boti. Mita moja ya ujazo ya maji ina uzito wa tani moja, na boti iliyo juu ya tela haikutengenezwa kubeba uzito huo.

Kwa mashua ya mbao, angalia kalafati iliyochomoka kati ya mbao, vichwa vya misumari vilivyojitokeza, na mataruma yaliyopasuka. Ubao unaweza kurudi mahali pake baada ya pigo huku msumari wake umelegea ndani.

Injini na ubao wa nyuma

Kabla ya kuigusa propela, toa ufunguo au kamba ya kuzimia injini uiweke mfukoni. Kisha anza na ubao wa nyuma. Shika mguu wa injini, uuinue na kuushusha polepole, na mwenzako atazame ubao. Ukicheza, ukitoa maji kwenye matundu ya bolti, au ukionyesha nyufa pembeni, boti isitumike. Ubao huo hubeba uzito wa injini pamoja na msukumo wake wote, nao ukiachia, injini hushuka ziwani na tezi kubaki wazi.

Tazama mabawa ya propela. Bawa lililopinda au kukatika ncha hutikisa chombo kizima, na mtikiso huo hula beringi na mipira ya kuzuia maji. Toa propela uangalie nyuma yake. Katika Naivasha si ajabu kukuta uzi wa nailoni wa nyavu umejiviringisha hapo, ukiukata polepole mpira unaozuia maji kuingia kwenye gia.

Ili kujua kama chuma cha propela kimepinda, weka gia huru, shikilia kijiti karibu kabisa na ncha ya chuma hicho, kisha uzungushe propela kwa mkono. Nafasi kati ya kijiti na chuma isibadilike. Ikipanuka na kubana kwa zamu, chuma kimepinda.

Oili ya gia nayo hutoa ushahidi. Legeza skrubu ya chini uone inachotoka. Oili iliyogeuka nyeupe kama chai ya maziwa imechanganyika na maji. Vipande vya chuma vyenye kung'aa vinaonyesha kwamba meno ya gia yamevunjika. Kwa vyovyote vile, injini hiyo ni ya fundi.

Safisha matundu ya kuingizia maji ya kupozea. Injini ikiwashwa, lazima mchirizi wa maji utoke kwa nguvu kwenye mrija wa pembeni. Usiiwashe nchi kavu bila kuiunganisha na maji ya mfereji au kutumbukiza mguu wake kwenye pipa lenye maji, kwani pampu ya mpira huungua katika muda mfupi sana ikizunguka bila maji.

Usukani ugeuzwe kutoka mwisho hadi mwisho bila kukwama. Gia ziingie na kutoka bila mlio wa kusaga.

Mafuta na nyaya

Tangi la petroli lililoteleza wakati wa pigo huvuta mpira wa mafuta na kulegeza viungo vyake. Fuata mpira huo wote kwa mkono mkavu na unuse vidole. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hivyo hutulia ngamani. Ukisikia harufu, usiwashe injini, usibonyeze swichi ya pampu wala usiruhusu sigara mpaka ngama ipate hewa na chanzo kipatikane. Hakikisha betri imefungwa imara na vichwa vyake havijalegea.

Kutengeneza si kupaka rangi

Mafundi wa jua kali wa Nakuru na Naivasha ni hodari wa kunyoosha bodi za matatu, na wengine hupelekewa boti pia. Tahadhari inahitajika hapa. Udongo wa kuzibia mabonde ya magari hunyonya maji, na ukitumiwa chini ya mkondo wa maji hubanduka baada ya muda, huku rangi iliyo juu yake ikiwa imeficha ufa. Ufa wa bodi hukatwa na kusuguliwa kwa msasa mpaka faibaglasi nzima ionekane, ukaachwa ukauke kabisa, kisha hujengwa upya kwa matabaka ya nyuzi za kioo na rezini.

Kukauka huko kwaweza kuchukua siku nyingi. Usiku wa Naivasha nao ni wa baridi, na rezini hukawia kushika kwenye baridi. Kazi ifanywe mapema mchana, na ipewe muda wote iliyopangiwa na mtengenezaji wa rezini hiyo. Boti iliyorudishwa majini kesho yake kwa sababu wikendi ina wateja wengi imeondolewa mikononi mwa fundi kabla ya wakati.

Majaribio yenye uzito

Baada ya matengenezo, jaribio la kwanza lifanywe bila abiria, karibu na ufuo, watu wawili wakiwa wamevaa jaketi. Anza polepole kwa dakika 10, simama, tazama ngama. Ongeza mwendo, simama tena, tazama ngama.

Nguvu ya injini ipimwe kwa kulinganisha na ilivyokuwa kabla ya ajali, si kwa maelezo ya wenzetu wa pwani. Naivasha iko karibu mita 1,890 juu ya usawa wa bahari, na kwa uchache wa hewa, injini ya kawaida hupoteza takriban sehemu moja kwa sita ya nguvu iliyo nayo Mombasa. Hilo si kosa la ajali. Lakini injini ikinguruma sana ilhali boti haiendi, huenda mpira ulioko katikati ya propela umeachia. Na boti ikiwa nzito kuliko zamani, shuku maji yaliyofichika chini ya sakafu.

Jaribio la mwisho ndilo linalosahaulika zaidi. Boti tupu huelea juu, na ufa ulioko ubavuni huwa nje ya maji. Wakiingia abiria wanane, boti hushuka na ufa huo huzama. Kwa hiyo ijaribu boti ikiwa na mzigo. Dumu la lita 20 lililojaa maji lina uzito wa takriban kilo 20, na madumu manne ni sawa na mtu mzima wa kilo 80. Madumu 32 yatawakilisha abiria wanane. Yapange vitini na sakafuni kama watu wanavyokaa, iache boti kando ya gati kwa saa nzima, kisha itazame ngama. Ikibaki kavu hapo, na kavu tena asubuhi ya pili, boti imejibu swali lililoulizwa.

Atakayesema, na atakayenyamaza

Hatua zote hizi zinategemea jambo moja, kwamba aliyegonga aseme. Waendeshaji wengi wa boti si wamiliki. Wanalipwa kwa siku au kwa safari, na anayejua kwamba gharama ya propela itakatwa kwenye malipo yake ana kila sababu ya kunyamaza. Atafuta ngama, atafunga boti, atakwenda zake. Kesho yake dereva mwingine ataichukua bila kujua lolote, na baada yake familia iliyofika kutoka Nairobi kuona viboko na tai.

Mmiliki mwenye busara atatenganisha mambo mawili: kugonga, ambako kunaweza kumpata nahodha yeyote katika maziwa yaliyojaa visiki, na kuficha, ambako ndiko kosa. Daftari moja gatini linatosha. Iandikwe tarehe, mahali, kilichogongwa, mwendo, kilichoonekana, na jina la aliyeikagua boti na kuiruhusu kurudi. Mahali penyewe patiwe alama, na wenye boti wengine waambiwe, kwa maana kisiki hicho kingali pale kikimsubiri mwingine.

Mamlaka ya Usafiri wa Majini nchini, KMA, ndiyo yenye jukumu la kusajili na kukagua usalama wa vyombo, hata vya maziwani. Cheti chake huonyesha hali ya boti siku ilipokaguliwa. Pigo kubwa lililotokea baadaye lahitaji ukaguzi mpya, na kulitaja kwa wakaguzi ni kwa manufaa ya mwenye boti mwenyewe.

Abiria naye ana haki ya kutazama kabla ya kupanda. Je, kuna maji yaliyotuama chini ya miguu? Je, mchirizi wa maji unatoka kando ya injini? Je, jaketi zinatosha na zinafungika? Na je, boti hii imegonga kitu karibuni? Nahodha aliyekagua chombo chake atalijibu swali hilo bila kigugumizi, na huenda akafungua daftari kuonyesha. Anayekasirika kwa kuulizwa naye amejibu.